Penseli Nyuma ya Picha ya Rais

Neema, Baraka na wengine wote mliobaki karakana, Bwana awe nanyi.

Siku niliyorudisha funguo mlinipa soda, keki na kitenge cha mke wangu. Ofisi ikaongeza barua. Soda niliinywa palepale, keki tuligawana, na kitenge Mama Upendo amekwisha kukishona. Barua ndiyo iliyobaki mezani. Ilisema naombwa kurudi kwa mkataba wa miaka miwili, kwenye kiti kilekile cha msimamizi wa karakana, kwa kuwa bado nina nguvu na uzoefu. Nilipewa siku kumi za kujibu.

Haya nimeyaandika ndani ya siku hizo kumi, isipokuwa sehemu ya mwisho, ambayo niliiandika baada ya kujibu. Sitawaficha: nilitaka kurudi. Kimya cha nyumbani kilinielemea, na mikono yangu haijui kukaa bure. Lakini nilijua pia kwamba nikirudi, Neema, anayekaimu sasa baada ya miaka kumi na moja ya kazi, angeshuka tena kwenye benchi la pili. Nikaona kabla ya kusaini niikumbuke kazi yenyewe tangu mwanzo, nisikie inasemaje. Vyeo na mishahara nitaviacha. Viko kwenye faili langu kwa anayevihitaji.

Nilianza Iringa, mwezi wa sita, asubuhi ya baridi kali. Mafundi walikuwa wamewasha maranda kwenye debe ili kupasha gundi moto, na kwa bahati nzuri moto huohuo ulipasha na vidole vyao. Nilikuwa nimetoka chuo cha Biblia, ambako nilikaa miaka miwili nikitaka kuwa mwinjilisti. Mchungaji wetu aliisikiliza sauti yangu mimbarani mara tatu, kisha akaniambia kwa upole mkubwa kwamba hata Bwana mwenyewe alianza na useremala. Nilimwelewa.

Msimamizi wa karakana alikuwa Mzee Kikoti, Mhehe mfupi ambaye sikio lake la kulia lilikuwa limebeba penseli kwa miaka mingi hata penseli ilipotoka, sikio lilibaki limekunjwa vilevile.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kamwene," akanisalimu na kwa Kihehe.

"Kamwene."

"Unajua kupiga msumari?"

"Ndiyo, Mzee."

"Kupiga kila mtu anajua. Unajua kung'oa?"

Nilidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni. Kumbe lilikuwa ndilo somo la kwanza, na nimelifanyia kazi mpaka mwezi uliopita.

Karakana ile ya serikali, kama hiyo yenu, ilitengeneza madawati, milango, na majeneza ya watumishi waliotutangulia. Na ilitundika picha za Rais. Picha zililetwa kwenye bahasha kubwa za kaki, sisi tukazitengenezea fremu, tukazitia kioo mbele na hadibodi nyuma, kisha tukazipeleka ofisi moja baada ya nyingine. Watu hudhani kutundika picha ni kazi ya dakika tano. Ni kweli, kama hujali picha itakaaje na ukuta utabakije.

Mzee Kikoti alijali vyote viwili. Alitumia msumari mmoja wa inchi mbili, haukuzidi. Aliuingiza kwa pembe kidogo, kichwa kikiangalia juu, akaning'iniza picha kwa waya, akaweka pimamaji juu ya fremu na kusubiri mpaka povu litulie katikati. Lakini kabla ya kuipandisha aliilaza kifudifudi juu ya meza, akachomoa penseli sikioni, akaandika kwenye hadibodi, kwa herufi za shule ya msingi: siku ilipotundikwa, jina la fundi, na chini yake, *Ishushwe si zaidi ya*, kisha mwaka.

Nilimuuliza ule mwaka ameutoa wapi.

"Kwenye Katiba. Miaka mitano. Wakimpenda, mitano mingine. Basi."

Wakati ule ukomo wa urais ulikuwa mgeni kwetu. Ulikuwa umeandikwa miaka michache tu iliyotangulia, na wengi wetu tulikuwa tumekulia chini ya Rais mmoja, tukidhani urais ni kama jina la ubatizo, mtu hupewa mara moja. Picha ya huyo Rais wa kwanza iliendelea kukaa ukutani, pembeni ya yule mpya. Nikageuza fremu yake, nikaona nyuma ni patupu.

"Mzee, huyu mbona hukumwandikia mwaka wa kushuka?"

"Huyo alishuka mwenyewe," Mzee Kikoti alisema. "Aliyeng'atuka mwenyewe, mwanangu, hakuna fundi anayemshusha."

Sasa nitasimulia kosa langu, maana mzee anayeandika ushindi wake tu anawadanganya vijana. Nilipofikisha mwaka wa nne kazini, wilaya moja ilijenga ukumbi mpya, nikatumwa peke yangu kutundika picha. Nilimpenda Rais yule. Nilikuwa pia na mfuko wa saruji uliobaki na ujinga wa kutosha. Nikachimba ukuta saizi ya fremu, nikaizamisha picha ndani, nikaipigia plasta pande zote nne mpaka ikawa sehemu ya jengo. Ilipendeza mno. Mwenyekiti wa halmashauri alinishika mkono akasema huyu sasa hatikisiki.

Mzee Kikoti alipokuja kukagua, alipapasa plasta ile kwa kidole, upande baada ya upande.

"Umemzika," alisema.

"Nimemjengea, Mzee."

"Haya. Na mwandiko wako uko wapi?"

Mwandiko nilikuwa nimeuandika nyuma, kwa penseli, kama alivyonifundisha. Ulikuwa umetazamana na matofali. Mzee hakunigombeza. Hakuniamuru kuitoa pia. Alisema tu, "Siku ikifika utakuja kuitoa wewe," akapanda gari.

Siku ikafika. Rais yule alimaliza vipindi vyake viwili, akaaga, akaenda zake nyumbani. Nakumbuka hofu iliyokuwepo. Bibi mmoja kanisani kwetu alifunga siku tatu akiomba nchi isiharibike, kwa sababu hakuwahi kumsikia mtu mwenye nguvu akiambiwa muda wako umekwisha akajibu sawa. Nchi haikuharibika. Kilichoharibika ni ukumbi ule wa wilaya. Nilipewa patasi na nyundo. Kioo kilipasuka, fremu ya mninga ikavunjika pande mbili, kiganja changu kikachanika, na nilipomaliza palikuwa na shimo la kutosha mtoto kulala. Kiraka chake kipo mpaka leo. Rangi hubadilishwa na kiraka hukataa.

Mzee Kikoti alinifunga kitambaa mkononi. Kisha alinichukua ofisi ya jirani, ambako picha ilikuwa kwenye msumari wa inchi mbili, akanionyesha namna ya kushusha. Kwanza alivua kofia. Akachukua kitambaa laini, akafuta kioo ikiwa bado ukutani, taratibu, kona hadi kona, mpaka uso wa Rais ukang'aa kuliko siku zote alizokaa pale. Ndipo akaitoa kwenye msumari kwa mikono miwili.

"Mbona unaifuta wakati inaondoka?" niliuliza.

"Anayepanda hufutwa na wengi, Elia. Anayeshuka mfute wewe."

Kisha akasema, kwa sauti ndogo kama mtu anayeaga mgonjwa, "Asante, Mzee. Kapumzike." Nami nimesema hivyo kila mara tangu siku ile. Neema, ulinicheka mara ya kwanza uliponisikia. Mara ya pili ulisema nami.

Baadaye nilihamishiwa Mbeya. Mzee Kikoti alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Alinipa pimamaji yake ya mbao, ile yenye povu la kijani mnayoitumia hadi leo, akaniambia niendelee kuandika nyuma ya picha. Nilimwahidi. Nilimwahidi kwa urahisi, kama mtu anavyoahidi jambo asilojua uzito wake.

Mbeya ilinifundisha ukubwa wa kazi. Kule Iringa nilienda ofisi nyingi kwa miguu. Hapa nilipanda malori, mabasi na pikipiki nikiwa nimekumbatia kioo. Ofisi ya mbali niliyoipenda kuliko zote ilikuwa moja ndogo kule Makongolosi, katikati ya wachimba dhahabu. Mlinzi wake aliitwa Mzee Masanja, Msukuma aliyekuja na ng'ombe mpaka Usangu. Kule ng'ombe wakamwishia kwa ukame, akajikuta Chunya analinda mlango. Alikuwa mrefu, mchekaji, na hakukubali fundi aondoke bila kula. Siku niliyotundika picha pale alinishikia ngazi, akayaona maandishi ya nyuma, akaniomba nimsomee mara mbili.

"Kwa hiyo huyu bosi wetu naye ana siku yake?"

"Anayo, Mzee."

"Basi ametuzidi mimi na wewe kwa jambo moja. Yeye ameambiwa."

Sasa nafika mahali pagumu. Awamu sitaitaja, kwa sababu aliyekosea hakuwa Rais aliyekuwa pichani. Waliokosea walikuwa chini yake, na mmoja wao nilikuwa mimi.

Mmekuwa mkisikia, kila kipindi cha pili kinapoelekea mwisho huwa hawakosekani wanaosema huyu anafaa, aongezewe. Husema vijiweni, husema mikutanoni, na mara nyingi husema kwa upendo wa kweli. Wakati huo maneno hayo yalikuwa yamevuma. Nikaitwa kubadilisha kioo kilichopata ufa kwenye ofisi ya afisa mmoja mkubwa wa utawala. Sikuwa nimeshusha vifaa bado alipoitoa picha mwenyewe ukutani, akailaza kifudifudi mezani kwake. Akasoma.

"Fundi, hii ni nini?"

"Ni kumbukumbu ya fundi, mkuu."

"Kumbukumbu? Umemwekea Mheshimiwa mwaka wa kuondoka, ndani ya ofisi yangu, nyuma ya mgongo wangu!"

"Mkuu, ule mwaka..."

"Ule mwaka umetumwa na nani kuuandika?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa neno moja, nimelisikia kwa Mzee Kikoti siku yangu ya kwanza kazini. Ningesema tu "Katiba", na huenda afisa yule angenyamaza. Lakini Upendo alikuwa kidato cha pili, mama yake alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji, na afisa yule alikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Nikasema, "Samahani, mkuu. Nitafuta."

"Ufute na nyingine zote. Wiki mbili."

Nikachukua msasa, nikafuta ile ya kwake palepale, akinitazama. Kisha nikazunguka ofisi moja baada ya nyingine. Kwa watumishi nilisema nakagua nyaya. Nikageuza picha, nikasugua, nikapuliza vumbi, nikarudisha. Jioni nilikuwa nikiomba kama kawaida, lakini sala ilikuwa kavu, kama mtu anayeongea na mlango uliofungwa. Nilikuwa mzee wa kanisa wakati huo. Jumapili nilipokea sadaka kwa vidole vilevile vilivyokuwa na vumbi la msasa.

Siku ya mwisho ya wiki hizo mbili nilifika Makongolosi. Mzee Masanja alinipokea kwa kelele.

"Fundi wangu! Umekuja wakati mzuri. Wamenisumbua hawa vijana wa machimboni."

"Wana nini?"

"Kila jioni wanakaa pale nje kubishana. Huyu anasema Rais ataongezewa, huyu anasema haongezewi. Wanataka kupigana. Mimi naingia ndani, natoa picha, naigeuza. Nawaambia someni, fundi wa serikali ameandika. Wananyamaza." Akacheka mpaka akashika mlango. "Mwandiko wako ni mbaya, lakini unasomeka."

Nilishusha ile picha. Nikaigeuza juu ya meza. Nikatoa msasa.

Mzee Masanja aliacha kucheka. "Unafanyaje?"

"Nafuta."

"Mbona unafuta? Ameongezewa?"

"Hapana."

"Katiba imebadilishwa?"

"Hapana, Mzee."

"Sasa jioni nitawaambia nini?"

Wanangu, nimeulizwa maswali mengi kazini. Nimeulizwa na wakaguzi, na mahakimu, na mjane aliyetaka kujua kwa nini jeneza la mumewe ni fupi. Hakuna lililonishinda kama hilo. Msasa ulikuwa mkononi. Nikautazama mwandiko wangu pale chini, herufi zimeegemeana kama wazee wanaotoka kanisani. Nikaurudisha msasa mfukoni, nikaipandisha picha, nikaweka pimamaji, nikasubiri povu litulie.

"Waambie kama ulivyowaambia jana," nikasema.

Hiyo ndiyo picha pekee niliyoiacha. Kwa miezi kadhaa nilisubiri kuitwa. Hakuna aliyefika Makongolosi kukagua, kwa sababu barabara ilikuwa mbaya, na kwa hilo nilimshukuru Mungu aliyeumba mvua. Afisa yule naye alihamishwa. Aliondoka mapema kuliko aliyekuwa anamlinda. Na muda ulipotimia, Rais aliaga kama walivyoaga waliomtangulia, mwingine akaapa, bahasha za kaki zikaletwa. Kelele zote zile, mwishowe ikawa ni ngazi, kitambaa na msumari uleule.

Nilipozishusha zile nilizokuwa nimezifuta, nilizipangusa vioo kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nilikuwa namwomba radhi aliyekuwa pichani. Naamini kila Rais aliyetumikia kwa moyo safi angeona aibu kuujua woga wangu.

Lakini sikutulia. Nikachukua likizo ya siku tatu, nikapanda basi kwenda Iringa kumwona Mzee Kikoti. Alikuwa anakaa na bintiye nje kidogo ya mji, miguu imevimba, penseli bado iko sikioni ingawa hakuwa na cha kuandika. Nilimsimulia yote. Nilimwambia nilivunja ahadi. Nilimwambia kuhusu msasa.

"Uliogopa?" aliuliza.

"Niliogopa, Mzee."

"Hata mimi niliogopa. Miaka yote ile. Unadhani kwa nini niliandika nyuma? Ningekuwa jasiri ningeandika mbele!"

Alicheka, mimi nikalia, bintiye akaleta chai akidhani kuna msiba. Tulipotulia nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: kwa nini alianza kuandika, wakati hakuna aliyemtuma?

"Wengi wanadhani ule ukomo umewekwa kwa ajili ya Rais mbaya," alisema. "Mbaya hana shida, watu wanahesabu siku zake wenyewe. Umewekwa kwa ajili ya mwema. Mwema ndiye tutakayemwambia kaa kidogo. Mwema ndiye tutakayempigia plasta." Akaushika mkono wangu, akaugeuza, akatafuta kovu la kiganja kwa kidole gumba mpaka akalipata. "Upendo husahau siku, Elia. Ndiyo maana nikaandika. Nilikuwa najikumbusha mimi niliyempenda."

Hakuishi mwaka baada ya hapo. Jeneza lake nililitengeneza mwenyewe, kwa mbao za mpodo, na lilikuwa na urefu sahihi. Kwa ndani ya kifuniko, mahali ambapo yeye tu angepaona, niliandika kwa penseli, "Asante, Mzee. Kapumzike."

Tangu hapo nimeandika nyuma ya kila picha, na nikaanza kuwaandikisha na ninyi. Neema alikuja kipindi hicho, kutoka Tukuyu, akiwa na cheti kizuri na kucha ndefu. Kucha aliziacha nyumbani siku ya tatu. Mnakumbuka ule mwaka wa msiba wa taifa, picha iliposhuka kabla ya mwaka ulioandikwa. Neema ndiye aliyenishikia ngazi. Nilifuta kioo nikiwa sioni vizuri, na nilipoigeuza tukasoma wote wawili: *Ishushwe si zaidi ya*. Neema akasema, "Mzee, kumbe ndiyo maana hamkuandika *mpaka*." Nilikuwa nimeyaandika maneno yale kwa miaka zaidi ya thelathini bila kuyasikia. Katiba inasema mwisho usiopitwa. Mungu anasema kabla ya hapo, siku yoyote. Na siku chache baadaye Makamu alikuwa ameapa, bahasha ya kaki imefika, nasi tuko juu ya ngazi. Nililala usingizi siku ile nikishukuru kwamba kulikuwa na utaratibu ulioandikwa kabla ya machozi kuja.

Hapo ndipo nilipofika siku ya tisa, kalamu mkononi na barua ya mkataba mbele yangu. Mtasema jibu lilikuwa wazi. Kwenu labda. Mtu anaweza kutundika na kushusha marais maisha yake yote na asijione yeye mwenyewe yuko ukutani. Niliandika majibu mawili, moja la ndiyo na moja la hapana, nikayaweka kwenye mifuko miwili ya koti. Mama Upendo aliniona.

"Baba Upendo, unakwenda kujibu barua au kupiga kura?"

"Nitaamua nikifika."

"Haya. Usije ukachanganya mifuko."

Siku ya kumi, kabla ya kwenda utawala, nilipitia karakana. Haya Baraka hukuyaona, ulikuwa umepeleka madawati. Neema alikuwa peke yake, juu ya ngazi, anatundika picha yangu, ile mliyonipiga siku ya keki nikiwa nimefumba jicho moja. Msumari ulikuwa wa inchi mbili. Pimamaji ya Mzee Kikoti ilikuwa juu ya fremu.

"Shikamoo, Mzee. Imekaa sawa?"

"Marahaba, mwanangu. Subiri povu."

Tukasubiri. Nikatazama karakana. Kiti changu kilikuwa palepale, kimefutwa vumbi. Kikombe changu kilikuwa kimeoshwa na kufunikwa. Na vitabu vya kazi, michoro na funguo za Neema, msimamizi wa karakana hii, vilikuwa vimerundikwa kwenye ncha ya benchi la pili, karibu na gundi.

"Mbona hukai mezani?"

Alishuka ngazi kabla ya kujibu. "Wanasema mnarudi, Mzee. Nimewatunzia." Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu jema, na alikuwa amelifanyia kazi. "Tutafurahi mkirudi. Kweli."

Ninamjua Neema. Alimaanisha. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu nilijiona jinsi nilivyopigwa plasta pande zote nne, na waliopiga walinipenda.

"Ishushe hiyo picha," nikamwambia.

Akashtuka. "Imekosewa?"

"Ilaze hapa."

Akailaza kifudifudi juu ya meza yangu. Nyuma palikuwa patupu. Hamkuandika kitu, kwa heshima, kama vile mimi ni Rais wa kwanza. Lakini mimi sikung'atuka. Umri ndio ulionitoa, na hata hivyo nilikuwa na jibu la ndiyo mfukoni. Nikamwomba penseli, nikaandika siku ile, nikaandika *Imetundikwa na Neema, msimamizi*. Chini yake nikaandika, *Ishushwe siku msumari huu utakapohitajika kwa kazi nyingine*.

Alisoma taratibu. Alipofika kwenye neno *msimamizi* akarudia mwanzo. Nikatoa jibu la ndiyo kwenye mfuko wa kushoto, nikalitumbukiza kwenye debe la maranda. La mfuko wa kulia nikalichungulia kuhakikisha nimelitupa lile lenyewe.

"Ndaga, Baba," alisema Neema, akinishukuru kwa Kinyakyusa. Hajawahi kuniita Baba kabla ya siku hiyo.

Kisha akaihamisha mizigo yake kutoka benchi la pili, mara tatu, akaipanga mezani bila kuniomba ruhusa, na nilimshukuru Mungu kwa hilo. Akapanda ngazi tena na picha yangu. Akaitundika. Povu likatulia. Nilikuwa nimefika mlangoni nilipogeuka nikamwona bado yuko juu, amevua kofia yake ya kazi, ameshika kitambaa laini, anafuta kioo kona hadi kona.